Nyuki wa porini hana wa kumpigia simu: nilichokiona kwenye shamba la matunda Uingereza

#1 Binti wa Ilula

Habari za jioni wana jukwaa. Uzi huu nimeuandika kwa vipande, siku tatu, kila nikitoka kazini, kwa hiyo mnivumilie ukiwa mrefu.

Mimi ni mzaliwa wa Ilula, Iringa. Nimekulia kwenye nyanya, na bomba la kupulizia dawa nililibeba mgongoni kabla sijamaliza darasa la saba. Sasa niko Kent, kusini mashariki mwa Uingereza, mwaka wa nne huu, kwenye shamba la mapeasi, matufaha na stroberi. Kazi yangu ni kupogoa miti wakati wa baridi, kupunguza matunda machanga na kuvuna.

Mwezi Aprili shamba lilipuliza dawa ya vidukari. Utaratibu wa huku ni kwamba mwenye mizinga ya jirani anaarifiwa siku mbili kabla. Basi bwana nyuki mmoja alipigiwa simu, akaja na gari lake giza lilipoingia, nyuki wote wakiwa wamerudi, akaziba milango ya mizinga akaondoka. Alfajiri trekta likapita.

Mchana tukakaa kula kwenye nyasi. Mapeasi yalikuwa hayajachanua, yalikuwa bado vitumba, lakini chini ya miti kulikuwa kumejaa yale maua ya njano ya magugu ambayo yakikomaa yanakuwa kama pamba na upepo unayapeperusha. Dawa ilikuwa imeyashukia yote. Hapo ndipo nilipomkuta.

Alikuwa chali. Ukubwa wake ni kama pingili ya mwisho ya kidole gumba changu, mwenye manyoya mengi meusi kama mahameli, mikanda miwili ya njano, na mkia wenye weupe uliochujuka. Miguu sita inacheza hewani polepole, kama mtu anayejaribu kufunga kamba asiyoiona. Ulimi, ule mrija wake wa kufyonzea, umetoka nje na haurudi. Nikamgeuza kwa jani akarudi chali. Na kwenye miguu ya nyuma, kila upande, kulikuwa na donge la chavua limeshindiliwa vizuri kabisa.

Ni lile donge lililoninyima usingizi. Nyuki huyu hajibebei chavua mwenyewe akala njiani. Chavua ni chakula cha watoto. Kwa hiyo mahali fulani kwenye uzio wa miti pembeni ya shamba, ndani ya shimo, kulikuwa na vifaranga vyake vinasubiri.

Nikamwonyesha msimamizi. Akamtazama, hakuwa mtu mbaya, akasema tu: "Hao si wa mtu."

Nieleze kwa wasiomjua. Huyu si nyuki wetu wa asali. Wataalamu wanamwita Bombus, na kusini mwa Sahara hayupo kiasili, ndiyo maana wengi hatuna jina lake. Mimi hapa nitamwita nyuki manyoya. Msimchanganye na yule mweusi mkubwa wa kwetu anayetoboa mbao za paa. Yule ni ukoo mwingine, ingawa nitamrudia. Uingereza peke yake ina aina 24 za nyuki manyoya.

Maisha yake ni ya mwaka mmoja. Baridi ikiingia koloni lote linakufa, vibarua, madume na malkia mzee. Wanabaki malkia wachanga waliokwisha kupandwa, kila mmoja anajichimbia peke yake kwenye udongo na kulala miezi sita au zaidi. Machi au Aprili anatoka, anatafuta shimo la panya lililoachwa, anatengeneza kitungi kidogo cha nta anakijaza utamu wa maua, anataga, kisha anayalalia mayai kama kuku. Kweli kabisa, anatetemesha misuli ya mbawa bila kuruka ili mwili upate joto, na tumbo lake analikandamiza kwenye mayai. Akitoka kutafuta chakula, mayai yanapoa. Hana msaidizi hata mmoja mpaka vibarua wa kwanza watoke, wiki nne au tano baadaye.

Sasa fikirini. Mzinga wa nyuki wa asali una nyuki makumi ya maelfu. Ukipoteza vibarua elfu moja kwa dawa, ni hasara lakini mzinga unaendelea. Mwezi Aprili, koloni la nyuki manyoya ni malkia mmoja anayefanya kazi zote. Akifa huyo, au akipotea njia nusu siku tu, hakuna koloni.

Nimeandika kwa sababu jibu la "si wa mtu" limenikaa. Nyuki mwenye mwenyewe alipigiwa simu.

#2 Kaka Mdogo

Nimeweka kambi hapa dada. Uliyemkuta alipona? Na asali yake inaliwa?

#3 Mzee wa Mizinga

Binti yangu, umeandika jambo ninalolijua. Mimi niko Sikonge, Tabora, nafuga nyuki tangu baba yangu alivyonipandisha mtini kutundika mzinga wa gome. Miaka hiyo dawa ilikuwa ya tumbaku tu. Siku hizi kando ya mto wanalima matikiti, wanapuliza mchana kweupe maua yakiwa wazi.

Mwaka juzi nilikuta mizinga sita mitupu kati ya arobaini na kitu. Haikuwa na maiti. Nyuki wetu hawa ni wepesi kuhama, lakini wakihama vizuri wanaondoka na asali yao. Hawa waliacha masega yana asali na watoto. Nyuki hawaachi watoto. Walitoka wakafia huko huko walikotoka. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, tukakaa kikao, mwenye matikiti akaja, tukaelewana apulize jioni. Nilikuwa na mizinga ya kuonyesha, nikahesabiwa.

Ila ule mti wa mninga nyuma ya shamba ulikuwa na nyuki wadogo, wale wasiouma, asali yao tunaipa watoto wakikohoa. Nao wamenyamaza. Hapo sikuwa na la kudai kikaoni, maana si wangu.

#4 Binti wa Ilula

Mzee wangu, shikamoo. Asante sana kwa maneno haya. Hicho cha mninga ndicho ninachokisema mimi kwa maneno mengi.

Kaka Mdogo, hakupona. Nilimweka kwenye kifuniko cha chupa chenye maji ya sukari hakunywa. Kuhusu asali, anaweka kidogo mno, vitungi vya ukubwa wa punje ya harage, ya kula siku mbili tatu za mvua. Hana haja ya akiba kwa sababu koloni halivuki mwaka. Hakuna anayemfuga kwa asali, na ndiyo sababu nyingine ya kukosa wa kumtetea.

#5 Wakala wa Pembejeo

Dada heshima kwako, uzi umeandikwa vizuri, lakini naomba tuwe wakweli. Nina duka la pembejeo mwaka wa kumi na moja. Umemwona nyuki mmoja amekufa. Umejuaje ni dawa? Nyuki hufa kwa uzee, kwa baridi, kwa magonjwa. Halafu unajua kabisa nyanya za Ilula bila dawa ni nini, kantangaze, yule mdudu wa nyanya, anamaliza ekari kwa wiki mbili. Mzungu ameshiba, ana ruzuku, anaweza kulilia mdudu. Mkulima wetu ana mkopo na ada ya shule. Tusimtishe.

#6 Binti wa Ilula

Kaka, swali lako la kwanza ni la haki kabisa. Nyuki mmoja hathibitishi kitu. Ndiyo maana watu walipima, tena kwa shida kubwa, kwa sababu mnyama wa porini huwezi kumpima kama wa mzingani.

Kwanza dawa yenyewe. Kundi linaloitwa neonikotinoidi, imidaklopridi, thiamethoksamu, klothianidini na ndugu zao, unazo dukani kaka, naamini. Hizi zinafanana na nikotini ya tumbaku, zinashika pale neva inapopokea ujumbe na hazibanduki haraka. Tena zinayeyuka kwenye maji ya mmea. Ukipaka mbegu, mmea unakua na dawa mwilini mpaka kwenye chavua na utamu wa ua. Kwa hiyo nyuki hapulizwi. Analishwa, kidogo kidogo, kila siku, na anawapelekea watoto.

Chuo Kikuu cha Stirling, Uskoti, walichukua makoloni 75 ya nyuki manyoya. Mengine wakayapa chakula chenye imidaklopridi kwa kiasi kile kile kinachopatikana kwenye maua ya shambani, wiki mbili tu, kisha yote wakayatoa nje yajitafutie wiki sita. Hakuna aliyeanguka chali. Ukipita ungesema makoloni yote mazima. Mwisho wa msimu wakahesabu malkia wapya: makoloni yasiyopewa dawa yalitoa wastani wa malkia 14 hivi, yaliyopewa yalitoa 2 au chini ya hapo. Upungufu wa asilimia 85. Hiyo ilichapishwa 2012. Na mjue malkia ndiye mbegu ya mwakani.

Ila kilichonifungua macho zaidi ni jaribio la Sweden lililochapishwa 2015. Walichukua mashamba 16 ya rapa, ile yenye maua ya njano ya kukamulia mafuta, manane mbegu zimepakwa dawa, manane hazikupakwa. Kwenye yaliyopakwa nyuki wa porini walikuwa pungufu ya nusu. Viota vya nyuki manyoya vilivyowekwa pembeni havikuongezeka uzito kama vile vingine. Na mizinga ya nyuki wa asali pembeni ya mashamba hayo hayo? Haikuonyesha tofauti.

Soma tena hapo kaka. Shamba moja, dawa moja, ua moja. Aliyekuwa amepima mzinga peke yake angeandika kwamba dawa ni salama, na asingekuwa mwongo.

Mtu atasema nyuki si mjinga, ataikwepa. Mwaka huo huo wa 2015 watafiti wa Newcastle waliwawekea nyuki manyoya na nyuki wa asali vikombe viwili, maji matamu matupu na maji matamu yenye imidaklopridi au thiamethoksamu. Hawaonji tofauti, ulimi wao hauijui ladha ile. Lakini walikunywa zaidi kile chenye dawa.

Kuhusu uzee, niliyemkuta ni malkia wa Aprili, ndiyo kwanza anaanza koloni lake.

Na hapana, siyo dawa peke yake. Uingereza imepoteza karibu asilimia 97 ya mbuga zake za maua tangu miaka ya 1930, hilo ni pigo kubwa kuliko yote. Magonjwa yapo, na hali ya hewa nayo. Ila mwenye njaa ukimpa na sumu, sumu inamkuta dhaifu.

La mkulima wetu na mkopo nitalijibu vizuri, nisubiri nitoke zamu. Mama yangu bado analima nyanya, sisemi haya kwa kumdharau.

#7 Mwana Kivu

Jambo wandugu. Mimi ni wa Bukavu lakini niko hapa jimbo la Oregon, Marekani. Niongeze habari ya huku, maana hii ilitokea karibu na kwetu, mji wa Wilsonville, mwezi wa sita mwaka 2013.

Kulikuwa maegesho ya magari ya duka kubwa, yamepandwa miti inayoitwa lindeni. Ni mti wa kivuli, na maua yake yana utamu mwingi sana. Ile miti ilikuwa na vidukari, na vidukari vinadondosha maji ya kunata juu ya magari ya wateja. Basi wakapuliza dinotefurani, nayo ni ya kundi lile lile, na miti ilikuwa imechanua.

Nyuki manyoya walianza kuanguka kama mvua. Watu wanatembea kwenda kununua vitu wanawakanyaga. Hesabu ilipita 50,000. Watu walifunika miti ile kwa nyavu, mti mmoja baada ya mwingine, ili wengine wasifike kwenye maua. Dawa ilikuwa ndani ya mti, hakukuwa na njia ya kuiosha.

Wandugu, hapo hakukuwa na mkopo wala kantangaze. Ilikuwa magari yasichafuke. Baadaye, 2015, Oregon ikakataza dawa nne za kundi hilo kwenye miti ya lindeni.

Na ninachokiona mimi, hawa walionekana kwa sababu walianguka juu ya lami. Wangeanguka kwenye majani marefu nani angejua?

#8 Mwanafunzi Mazimbu

Wakuu, niko SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, mwaka wa tatu. Niongeze upande wa vipimo, maana hapo ndipo shina la tatizo.

Kabla dawa haijasajiliwa inapimwa kwa nyuki. Nyuki gani? Kwa miaka mingi ni nyuki wa asali tu, kibarua mzima, kwa saa 48: anakufa au hafi. Mamlaka ya chakula ya Ulaya, EFSA, ilitoa mwongozo mwaka 2013 unaotaka nyuki manyoya na nyuki wanaoishi peke yao nao wapimwe. Mwaka huo huo Umoja wa Ulaya ukazuia zile neonikotinoidi tatu alizozitaja dada kwenye mazao yanayovutia nyuki, na 2018 ukazipiga marufuku nje ya nyumba za kioo kabisa. Uingereza ilipotoka kwenye Umoja iliruhusu thiamethoksamu kwa dharura kwenye viazi sukari, vile vya kutengenezea sukari, miaka ya 2022, 2023 na 2024. Ombi la 2025 likakataliwa.

Lakini Ulaya ilipoondoa hizi, zikaja mbadala. Sulfoksafloa ilikuja ikisifiwa. Watafiti wa Royal Holloway, London, wakaipima kwa nyuki manyoya, 2018, makoloni yakatoa malkia na madume pungufu kwa asilimia 54. Mwaka 2022 nayo ikafungiwa ndani ya nyumba za kioo. Mnaona mtindo? Dawa inaruhusiwa, inatumika miaka, mtu anaenda kumpima asiyepimwa, ndipo tunajua.

Jambo la pili ambalo halisemwi ni udongo. Mbegu iliyopakwa inafyonza sehemu ndogo tu ya dawa, nyingine yote inabaki ardhini. Malkia wa nyuki manyoya analala humo nusu mwaka.

Na Ulaya baada ya marufuku ile viwanda vyake viliendelea kuuza dawa hizo nje, nchi za Afrika zikiwemo. Hili linaniuma.

#9 Binti wa Ilula

Mwana Kivu, asante, nimesoma mara mbili. Mwanafunzi, na wewe ubarikiwe.

Sasa Wakala, nirudi kwako kama nilivyoahidi. Sisemi mama yangu atupe bomba. Nasema mambo mawili.

La kwanza, nyanya. Ua la nyanya linaficha chavua ndani ya mirija yenye tundu dogo nchani, kama kopo la chumvi. Upepo unatikisa kidogo inadondoka, ndiyo maana nyanya huzaa hata bila nyuki. Lakini nyuki manyoya analing'ata ua, analikumbatia, anatetemesha kifua, utasikia mlio mfupi mkali kuliko wa kuruka, na chavua inamwagika juu ya tumbo lake. Nyuki wa asali hawezi mtindo huo. Zamani kwenye nyumba za kioo Uholanzi watu walipita mstari kwa mstari na kijiti cha umeme wakitikisa maua. Miaka ya 1980 daktari wa mifugo wa Ubelgiji, Roland de Jonghe, akaonyesha kwamba boksi la nyuki manyoya linaifanya kazi hiyo vizuri zaidi, na leo makoloni yake yanauzwa dunia nzima. Waliolipia boksi hawapulizi ovyo ndani ya nyumba hiyo, maana wanajua wamelipa kiasi gani.

Kwetu anayetetemesha hivyo ni yule mweusi mkubwa mtoboa mbao, na wengine wadogo wenye michirizi wanaoishi ardhini. Hatuwalipi. Nilipokuwa mdogo tulimpiga kwa kandambili akiingia darini.

La pili ni saa. Sote tumefundishwa kupuliza jioni, nyuki wakiwa wamelala. Ushauri mzuri, lakini ulitungwa kwa nyuki wa asali. Nyuki manyoya, kwa yale manyoya na kule kujitetemesha, anaruka kwenye baridi ambayo mwenzake hatoki. Alfajiri yuko kazini. Jua linazama yuko kazini. Madume yake hawarudi nyumbani kabisa, wanalala juu ya maua. Nimewakuta asubuhi wana umande mgongoni. Kwa hiyo huku, kupuliza "nyuki wamelala" ni kupuliza huyu akiwa mezani. Afadhali yake ni kutopuliza juu ya ua lolote lililofunguka, hata la gugu. Wangefyeka zile nyasi siku moja kabla, malkia yule asingekuwa na la kumleta pale.

Hiyo ya kufyeka nilimwambia msimamizi. Alisema atalipeleka mbele. Nitawapa jibu.

#10 Mama Pasheni

Hamjambo nyote. Mimi ni mkulima kutoka Kirinyaga, Kenya, nimekuwa nikisoma kimya. Nina robo ekari ya pasheni, ile ya zambarau. Mwaka huu maua ni mengi ajabu lakini yanapukutika. Tumekuwa tukichavusha kwa mkono, mimi na msichana wangu, ua kwa ua, kila asubuhi kabla hajaenda shule. Mwenye duka aliniuzia dawa ya thripsi na mbawakavu, nikapiga mara mbili kwa wiki. Nikisoma habari ya huyu mweusi wa mbao nimeshtuka. Alikuwa akija kwa wingi, mume wangu akimlaumu kwa kuharibu nguzo za banda. Sasa sijamwona tangu Januari. Dadangu, ni dawa yangu?

#11 Mwanafunzi Mazimbu

Mama, pole sana kwa kazi hiyo ya mkono. Pasheni na yule mweusi ni kufuli na ufunguo. Ua lake ni pana, vifuko vya chavua vimeinama kwa juu, nyuki mdogo anapita chini ananyonya na kuondoka bila kugusa chochote. Mweusi mkubwa akiingia, mgongo wake unasugua vile vifuko sawasawa.

Saa ndiyo muhimu kwako. Pasheni ya zambarau inafunguka alfajiri na kufunga kabla ya adhuhuri. Ya njano inafunguka adhuhuri na kufunga usiku. Kwa hiyo mwenye zambarau akipuliza asubuhi ni mabaya kuliko yote. Kama ni lazima upulize, fanya baada ya saa kumi alasiri, maua ya siku hiyo yakiwa yamefunga, na utazame kwanza kama thripsi wapo kweli, siyo kwa kalenda ya mara mbili kwa wiki.

Halafu mpe nyumba. Gogo kavu la mti laini, kipenyo kama cha paja, lifunge kwa kulala chini ya paa la banda mahali pasipo na mvua. Akipata hilo nguzo ataziacha, au angalau atagawana.

#12 Wakala wa Pembejeo

Nimesoma yote. Naomba niseme jambo moja ambalo wauzaji hatulisemi. Wateja wangu wengi wanachanganya. Anakuja ananunua dawa ya kantangaze, dawa ya ukungu na mbolea ya majani, anamimina zote kwenye bomba moja kuokoa mafuta na muda. Wakati mwingine mimi mwenyewe ndiye nimemwambia zinachanganyika. Dawa ya ukungu nimekuwa nikiiuza nikisema haina shida kwa nyuki, si ya wadudu. Hilo nalo lina utafiti?

#13 Binti wa Ilula

Kaka, asante kwa kulisema hadharani. Ndiyo, lina utafiti. Wisconsin, Marekani, 2015, makoloni ya nyuki manyoya yaliyotafuta chakula kwenye maua yenye klorothalonili, dawa ya ukungu, yalikuwa na vibarua wachache na malkia mama mwepesi kwa uzito kuliko mengine. Na Royal Holloway, 2012, waliwapa imidaklopridi pamoja na dawa ya pairethroidi, jamii nyingine ya dawa za wadudu, kwa viwango vya shambani: vibarua wakawa wanarudi na chavua kidogo, wengi zaidi wakafa, na makoloni yaliyopata zote mbili ndiyo yaliyoelekea zaidi kuvunjika.

Mwaka 2023 likatoka jaribio kubwa kuliko hayo, makoloni 316 yaliwekwa kwenye maeneo 106 katika nchi nane za Ulaya, wakapima chavua iliyoingia kiotani. Pale palipokuwa na mchanganyiko wa dawa nyingi, makoloni yalikuwa madogo. Na hiyo ni Ulaya baada ya marufuku, kila dawa imepita usajili peke yake. Hakuna aliyesajili bomba la mchanganyiko.

#14 Mzee wa Mizinga

Wakala, umesema kiume. Ukija Sikonge karibu nyumbani, asali ipo.

#15 Binti wa Ilula

Nimerudi na habari, nimechelewa, tulikuwa kwenye stroberi.

Msimamizi alilipeleka. Kwenye vitalu viwili vya matufaha wamefyeka kabla ya kupuliza. Vitalu viwili kati ya vingi, sitatia chumvi.

Jingine ni kwamba jana nilikaa kando ya ule uzio wa miti wakati wa mapumziko, na mita kama ishirini kutoka pale nilipomkuta yule wa Aprili kuna shimo la panya chini ya mzizi. Kibarua mdogo alitoka, mdogo kuliko inzi wa kijani, akageuka akaelea mbele ya shimo kwenda kulia na kushoto, kama wanavyofanya wakikariri mlango. Kisha mwingine akaingia na chavua. Nikahesabu kwa dakika kumi: saba kutoka, watano kuingia. Nimechomeka kijiti chenye utepe mwekundu ili mwenye mashine ya nyasi asipite juu yake, na leo nimemwonyesha mwenyewe kwa kidole. Amekubali.

Mama Pasheni, wewe je?

#16 Mama Pasheni

Dadangu, wiki ya tatu sasa sijapiga dawa asubuhi. Gogo tumelifunga Jumamosi, mume wangu ndiye aliyepanda ngazi. Bado tunachavusha kwa mkono. Leo msichana ameniita mbio: chini ya gogo kuna unga wa mbao umemwagika, mweupe, kama kijiko kimoja. Tundu bado ni dogo, hata kidole hakiingii. Tumekaa tukasikiliza, na ndani kulikuwa kunasagwa.